Misumari 97: kihesabio cha mizani kilivyonivunjia heshima dukani kwangu

Tisini na saba. Hiyo ndiyo misumari ya shaba iliyopungua kwenye mfuko nilioufunga kwa mkono wangu, nikamkabidhi mteja wangu wa zaidi ya miaka kumi na kumwambia, "Fundi, elfu mbili kamili, mashine imehesabu." Marehemu baba yangu aliliendesha duka hili hapa Langoni, Lamu, kabla yangu, na mpaka anazikwa hakuna aliyesema kapunjwa. Mimi nimepunja. Nimepunja kwa ajili ya kisanduku cha plastiki nilichokilipia zaidi ya shilingi 20,000, na aliyeniuzia hajaniomba radhi hadi leo.

Ngoja nieleze, maana najua wenzangu wengi wenye maduka ya vyuma huku pwani wanakifikiria kifaa hiki.

Dukani nina mizani ya jukwaa, ile ya kuweka chini. Ndiyo ninayopimia misumari ya kilo, minyororo na nanga ndogo. Ni mizani nzuri, ina muhuri wa watu wa vipimo, na haijapata kunitia aibu. Taabu yangu ilikuwa vitu vya kuhesabu: nati, washa, ribiti, na zaidi ya vyote misumari midogo ya shaba yenye kichwa cha mviringo, ile mafundi wa nakshi wanayopigia masanduku na milango. Hiyo siuzi kwa kilo. Ni ghali, na fundi anayepanga maua kwenye kifuniko cha sanduku anajua ua moja linakula misumari mingapi, kwa hiyo anataka idadi yake, haizidi haipungui. Kuhesabu elfu mbili ni kukaa kitako asubuhi nzima. Mtu akipita akakutolea salamu, ukamwitikia, umepotea, unaanza upya.

Kwa hiyo niliposikia kuna kihesabio kinachoungwa kwenye mizani uliyo nayo, nilikitamani. Ni kisanduku chenye kioo cha namba na kisahani chake pembeni, na waya unaokwenda kwenye mizani kubwa. Unahesabu vitu kumi kwa mkono, unaviweka kwenye kisahani, unabonyeza. Kinapima, kinagawanya, kinajua kimoja kina uzito gani. Kisha mzigo wote unaumwaga juu ya jukwaa, na badala ya kilo kinakuonyesha idadi. Kijana aliyeniuzia, kule Mombasa, alinionyesha kwa bolti kubwa. Kioo kikasema 60, tukahesabu, 60 kweli. Nikafurahi kama mtoto aliyevishwa nguo ya Idi. Nikamwuliza, na vitu vidogo? Akanijibu, "Mama, hii imeundwa kwa ajili ya hivyo vidogo. Hesabu kumi tu, zinatosha." Neno hilo la kumi lishikeni, nitalirudia.

Kikaja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka na boti, na hamali akakileta kwa mkokoteni mimi niko nyuma yake, "taratibu mwanangu, taratibu," njia nzima.

Siku zenyewe zilikuwa za Kusi, mwezi siukumbuki. Fundi alituma kijana wake na maagizo ya misumari elfu mbili, kwa sanduku la arusi. Nikahesabu kumi, nikaiweka kwenye kisahani. Gramu 19. Nikabonyeza kitufe cha 10. Nikaanza kumwaga jukwaani kwa kikopo, kidogo kidogo, macho kwenye kioo: 1,947, kikaruka 1,974, kikaruka 2,000. Mnaona kinavyoruka? Ishirini na sita, ishirini na saba kwa pigo moja, hakuna namba katikati. Hapo palikuwa pa kushtuka. Sikushtuka. Niliona 2,000, nikasema alhamdulillahi, nikafunga mfuko.

Siku mbili baadaye akaja mwenyewe. Huyu ni mzee ambaye hapigi msumari wa kwanza mpaka ahesabu wote, na hapazi sauti. "Sabalkheri, mwanangu." Nikamwitikia, nikamwamkia. Akauweka mfuko mezani na kusema, "Hii haitimu. Nimehesabu jana, nikajitilia shaka mwenyewe. Nataka tuhesabu pamoja."

Nikatandika mkeka barazani. Akaumwaga mfuko, akakaa, nami nikakaa kando yake. Alikuwa akiivuta kwa kidole gumba, mitano mitano, kidole chenyewe kimeshakuwa cheusi kwa shaba, na midomo ikienda bila sauti. Fungu la kumi, na mafungu kumi akiyakusanya kuwa chungu moja. Hamali aliyekuwa akipita aliegesha mkokoteni akasimama kutazama. Wateja wawili waliokuwa ndani wakatoka nje. Hakuna aliyesema neno, ungesikia shaba ikigongana. Chungu kumi na tisa za mia mia, na pembeni, peke yake, misumari mitatu.

Akaniangalia akasema, "Mimi najua hukukusudia. Hawa watajuaje?"

Wengine watasema ni misumari tu. Kuna sura nzima ya Kurani inayowaonya wapunjao, watoto wetu wanaihifadhi chuoni wakiwa bado na meno ya utoto. Naijua tangu nina miaka sita. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye mkeka ule, mbele ya baraza la baba yangu, na misumari 97 haipo. Niliingia ndani nikaileta, nikamhesabia mmoja mmoja kiganjani, nikaongeza kumi juu kwa usumbufu. Ile kumi akanirudishia mezani. "Nataka changu tu." Akaondoka.

Nikampigia simu kijana wa Mombasa. Nilimweleza kwa adabu, wallahi, nikidhani atanisaidia. Akanikata katikati. "Mama, misumari tisini katika elfu mbili si kitu, wateja hawahesabu." Nikamwambia wangu amehesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hicho kifaa kinataka mtu aliyesoma." Na simu ikakatika. Iwapo aliikata yeye au mtandao, sijui. Nilipopiga tena haikushikwa.

Mtu aliyesoma. Miaka ishirini daftari la duka hili naliandika mimi, mapato na madeni, na hakuna mwaka lililokataa kulingana.

Basi usiku ule nikafunga milango nikakaa nacho. Kumi ile ile nikaiweka kwenye kisahani: 19. Nikaitoa, nikairudisha: 20. Tena: 20. Nikawasha feni kama inavyokuwa mchana: 19, 20, 21, hakitulii hata kidogo. Kile kisahani kinasoma gramu nzima nzima, hakijui nusu wala robo, na upepo unakisukuma. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Msumari mmoja ni kama gramu mbili, kwa hiyo kumi ni gramu 20. Kikisoma 19 kinaamini kila msumari ni gramu 1.9. Kikakwambia elfu mbili zimetimia jukwaani penye gramu 3,800, kumbe gramu 3,800 ni misumari 1,900. Gramu moja iliyopotea kwenye kisahani imekuwa misumari mia kwenye mfuko. Na ile mitatu iliyozidi juu ya 1,900 huenda ni kwa kuwa misumari yenyewe hailingani, mwingine kichwa kinene, mwingine chembamba.

Nikahesabu mia kwa mkono badala ya kumi. Gramu 200, na hata kikiyumba kwa gramu moja, hiyo gramu imegawanyika kwa misumari mia, si kumi. Hapo kidogo nikapumua. Lakini bado kulikuwa na ule mruko. Mizani yangu ya chini inakwenda kwa gramu 50. Haikuumbwa kujua kitu kidogo kuliko hapo, na sina lawama nayo, ni ya magunia. Gramu 50 ni misumari 25. Hata ukijua uzito wa msumari mmoja sawasawa kabisa, jukwaani huwezi kujua kama kuna 1,990 au 2,000. Jambo hili halihitaji chuo kikuu. Aliyeniuzia alikuwa na wajibu wa kuniuliza maswali mawili: mizani yako inakwenda kwa gramu ngapi, na kitu chako kidogo kabisa kina uzito gani? Hakuuliza hata moja.

Sasa niwe mkweli, maana nimekaa nacho miezi kadhaa na dhuluma siitaki hata kwa kisanduku. Kwa vitu vizito kinafanya kazi, tena ajabu. Mtu wa Shela alikuja kutaka bolti 300 za milimita 12, zile ndefu, moja ina kama gramu 100. Nikahesabu 20 kama mfano, nikamwaga jukwaani, kikapanda moja moja hadi 300 bila kuruka. Tukahesabu kwa mkono, yeye na mimi: 300. Tukarudia: 300. Kahawa niliyoiacha mezani niliikuta bado moto. Siku hiyo nilikisamehe kabisa, nilikifuta vumbi kwa kitambaa nikawa nawaonyesha watu.

Na misumari ya shaba nayo nimeipatia njia. Jukwaa silitumii. Kuna kitufe cha kuhesabia juu ya kisahani chenyewe, na kisahani kinabeba hadi kilo tatu. Nazima feni, nafunga dirisha la upande wa bahari, nahesabu mia kwa mkono, kisha naweka elfu moja moja. Nilikijaribu kwa elfu niliyoihesabu mwenyewe, kikasema 998. Miwili kwa elfu sio aibu, naongeza kiganja. Ila pia nimejifunza nisichanganye misumari ya boksi mbili, maana boksi moja huja na mafuta na nyingine kavu, na uzito wake hauwi mmoja.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kusema hivi: mwenye duka la bolti na nati kubwa, nunua, utapumzika. Mwenye vitu vya gramu mbili tatu, usinunue, chukua mizani ndogo peke yake inayosoma robo ya gramu au chini ya hapo, utalipa kidogo na utalala usingizi. Na yeyote kati yenu, kabla hujatoa pesa, beba kitu chako mwenyewe kilicho kidogo kabisa, mwambie muuzaji akipime mara tatu mbele yako. Namba zikitofautiana, ondoka. Na plagi ya waya ipakeni mafuta, hewa ya huku ina chumvi, yangu ilishaanza ukijani kabla mwaka haujaisha. Nyota tatu kati ya tano, nikasema.

Lakini nimerudi kusoma nilipoandika simu ile, na mkono umeanza kunitetemeka tena. Kwa sababu alinionyesha kwa bolti kubwa. Dukani kwake alikuwa na washa, alikuwa na skrubu, chungu nzima kwenye vibati nyuma ya kichwa chake, na mimi nimemtajia vitu vidogo kwa mdomo wangu, naye akachukua bolti kubwa. Labda alikuwa hajui. Naweza kumdhania hivyo, ni kijana, pengine na yeye ameuziwa maneno. Lakini asiyejua husema sijui, hasemi kumi zinatosha. Na asiyejua hamwambii mtu mzima, mwenye umri wa mama yake, kwamba hakusoma.

Nyota moja. Ile moja ni ya bolti za mtu wa Shela.

Fundi bado ananunua kwangu, namshukuru Mungu kwa hilo. Juzi alikuja kuchukua mia tano. Nilimhesabia kwa mkono bila yeye kuniambia, nikamwekea kwenye mfuko. Akaushika, akatoka hadi barazani, akakaa. Alikuwa amekuja na mkeka wake.