Kuthamini bunduki kongwe ya mitutu miwili Nairobi: utambuzi ni wa hali ya juu, bei ndiyo yenye walakini

Huduma hii hutolewa na karakana ya fundi bunduki mwenye leseni hapa Nairobi. Kabla fundi hajaigusa silaha, anataka kuona cheti chako cha kumiliki, na hapo tayari ameanza vizuri. Wapo wanaodhani bunduki ya babu, kwa kuwa ni ya kale, ni pambo la ukutani tu. Usibebe dhana hiyo barabarani. Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na bunduki. Mwenyewe akifariki, warithi waanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kisha ndipo wamtafute fundi.

Bunduki iliyopimwa ni ya marisau, geji 12 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu), mitutu ya inchi 30, mtambo wa kufyatulia wa Anson & Deeley, ule uliosajiliwa mwaka 1875. Haina kirusha maganda. Ukiikunja, maganda yanasukumwa kidogo tu, unayachomoa kwa vidole. Juu ya ukanda unaounganisha mitutu limechorwa jina la duka la zamani la Nairobi, na hapo ndipo wathamini wengi hukosea. Charles A. Heyer, na baadaye Shaw & Hunter, waliuza silaha mjini humu zikiwa na majina yao, ilhali nyingi zilitengenezwa Uingereza. Jina la ukanda linakwambia nani aliuza. Nani aliunda, na lini, utafute chini.

Fundi huyu anajua hivyo. Aling'oa kipande cha mbao cha mbele, akatenganisha mitutu na mtambo, akaipindua na kusoma mihuri ya majaribio, yaani alama zinazogongwa mtutu ukishajaribiwa na kupita, kwenye bapa la nyuma. Alikuta taji juu ya herufi BV, BP na NP: hiyo ni nyumba ya majaribio ya Birmingham, kwa mihuri iliyoanza 1904, na NP ni ushahidi kwamba mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kando yake kulikuwa na umbo la almasi lenye 12 na C, bila urefu wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kuandikwa. Kuanzia 1925 urefu huo huandikwa. Kwa hiyo bunduki ilijaribiwa kati ya 1904 na 1925. Ripoti inaeleza hoja hii hatua kwa hatua, na picha ya kila muhuri imeambatishwa. Kazi safi sana.

Ingekuwa ya Ubelgiji, angekuta herufi ELG ndani ya yai, na taji juu yake kama ni ya 1893 au baadaye. Lijue hilo, kwa sababu mji wa Liège, Ubelgiji, ulitoa bunduki nyingi za bei nafuu zenye majina yanayofanana na ya wakubwa. “W. Richards” si Westley Richards, muundaji mkubwa wa Uingereza.

Sehemu bora kuliko zote ni chemba. Bunduki za umri huu kwa kawaida zilichimbwa inchi 2½, yaani milimita 65. Kipimo kilionyesha 70. Kuna mtu aliichimba zaidi, na hakuna muhuri mpya wa majaribio baada ya kazi hiyo. Wenye bunduki ambazo chemba zake bado ni 65 huponzwa hapa kwa sababu urefu wa risasi hizi huhesabiwa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Risasi ya 70 ikiwa bado imekunjwa mdomo huingia kwenye chemba ya 65 bila kugoma, halafu ikilipuka ganda hufungukia kwenye shingo nyembamba na shinikizo kupanda. Kuingia si kufaa.

Tundu nalo lilipimwa inchi 9 kutoka nyuma. Kulia inchi .730, kushoto .731, dhidi ya 12 iliyogongwa, ambayo ni .729. Kwa kanuni za enzi hizo tundu likifikia saizi inayofuata, hapa 12/1 yaani .740, mtutu umetoka nje ya majaribio yake. Huu bado umo.

Sasa lawama. Unene wa kuta za mitutu ulipimwa mahali pamoja tu kwa kila mtutu, karibu na nyuma, ambako chuma ni kinene siku zote. Palipo hatari ni mbele, theluthi ya mwisho, ambako ung'arishaji wa ndani na kunyoosha mibonyeo hula chuma. Chini ya sehemu 20 za elfu moja ya inchi, yaani nusu milimita, bunduki hushuka thamani vibaya. Ripoti ya kulipia inapaswa kuwa na kipimo cha chini kabisa cha kila mtutu na umbali wake kutoka mdomoni. Fundi alipoombwa alirudia, akapata sehemu 24 na sehemu 26. Asingoje kuombwa.

Pia hakugonga mitutu. Ining'inize kwa ndoano yake kwenye kidole, igonge taratibu kwa ukucha: ikilia kama kengele, ukanda umeshika; ikikwaruza, solda imeachia. Ni sekunde kumi, na ukarabati wake ni ghali.

Kwenye bei ndipo ripoti inapwaya. Imetoa tarakimu moja bila kusema ni ya bima, ya mnada wa London au ya kuuza hapa. Hizo ni bei tatu zilizo mbali. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mnunuzi wa hapa lazima awe na cheti, basi wanunuzi ni wachache. Mnadani ng'ambo kuna watu wengi zaidi, ila ondoa kibali cha kutoa nchini, kibali cha kuingiza huko, usafirishaji na kamisheni. Ripoti imetaja ufa mdogo wa kitako nyuma ya mtambo, lakini haikupunguza kitu, na chemba iliyochimbwa bila majaribio mapya nayo haikuguswa kwenye hesabu.

Faida kubwa ni kwamba malipo ni ya kazi, hayapandi na thamani, na karakana hainunui inachokithamini. Ukienda, usiipige msasa wala kuipaka rangi kwanza; mpeleke fundi bunduki ilivyo, na umwambie aandike bei tatu kando kando.