Rimiksi ya Tetris niliyoipakua: sauti ya kwanza ipo, ya pili imekwenda wapi?

Dakika tano na sekunde kumi na nne. Humo ndani kuna sekunde 48 za muziki mtamu sana, na zilizobaki ni kelele iliyotengenezwa kwa ustadi. Nasema "kwa ustadi" bila kejeli, kwani aliyeitengeneza anaijua kazi, na ndiyo maana ameniudhi. Rimiksi ya mtu asiyejua unaizima na kuisahau. Hii nimekaa nayo wiki nzima, kwa hedifoni, kwa spika ya simu, kwa spika kubwa za sebuleni, nikitafuta kama kuna nilichopitwa nacho.

Niseme kwanza masikio yangu yamezoea nini. Naimba kwaya, sauti ya pili. Mwimbaji wa sauti ya pili ana ugonjwa wake: hata likipita tangazo la redio, sikio linairuka melodi na kwenda kutafuta kilicho chini yake. Sauti ya kwanza ndiyo inayokumbukwa na watu wakirudi nyumbani. Sisi tunashika kuta.

Wimbo wenyewe unaujua hata kama hujui jina lake: mi, ti, do, re, do, ti, la. Ni muziki wa Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, kama ulivyotoka mwaka 1989 kwenye Game Boy, kifaa cha michezo cha mkononi cha Nintendo, ule unaouchagua kwenye menyu kama aina A. Mchezo aliubuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, lakini muziki huu ulikuja baadaye, mikononi mwa Hirokazu Tanaka wa Nintendo, aliyechukua wimbo wa asili wa Warusi uitwao Korobeiniki. Maneno yake yametoka katika shairi la Nikolay Nekrasov la mwaka 1861, na yanahusu mchuuzi na msichana wanaopatana bei, tena si bei ya vitambaa peke yake.

Kwa hiyo hata tunachokiita "asili" ni rimiksi, na mtu asidhani nalilia wimbo usiguswe. Mwaka 1992 Andrew Lloyd Webber, yule mtunzi wa maigizo ya muziki, alishirikiana na Nigel Wright wakaugeuza kuwa wimbo wa disko kwa jina la Doctor Spin, nao ukapanda hadi namba 6 kwenye chati ya Uingereza. Umeshaguswa na wengi na haujafa.

Kinachonisumbua ni kile alichokigusa huyu na kile alichokitupa. Game Boy ina njia nne tu za sauti. Mbili hutoa wimbi la mraba, ya tatu husoma wimbi fupi la sampuli 32, na ya nne ni mchakacho mtupu, kama redio isiyoshika stesheni. Ukishaweka melodi, besi na ngoma, umebakiwa na njia moja, na njia hiyo haiwezi kupiga noti mbili kwa wakati mmoja. Tanaka aliipa kazi ya kutembea chini ya melodi, ikiachana nayo hapa na kukutana nayo pale, huku besi ikirukaruka huko chini. Sauti zote tatu zikienda pamoja, sikio linaanza kusikia utajiri ambao haumo kwenye mashine. Ni ujanja wa mtu mwenye sufuria moja anayepika vyakula vitatu. Toa hiyo njia ya pili na utaona wimbo unavyobaki mifupa.

Sasa shabiki wetu, huyu aliyetengeneza rimiksi. Ameuweka kwenye drum and bass, muziki wa dansi wa kasi sana, mapigo 174 kwa dakika. Anaanza na mlio wa Game Boy inapowashwa, ujanja wa zamani ambao mimi bado unanishika, kisha melodi inaingia ikiwa imefunikwa, kama inatoka chumba cha pili, na kufunguka polepole. Hadi hapo nilikuwa naye. Sekunde ya 55 ngoma zinaanguka kwa kishindo, ndiyo dropu hiyo, na melodi inageuka ukuta: wimbi la msumeno lililorudufiwa mara saba, kila nakala imepindishwa toni kidogo. Sauti hiyo ililetwa na sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) ya Roland JP-8000 mwaka 1996 na tangu hapo haijapewa likizo. Ni sauti nene na inapendeza, lakini inakula nafasi yote. Palipokuwa pakikaa sauti ya pili pamejaa miguno ya nakala hizo, basi akaifuta kabisa. Besi nayo, iliyokuwa ikiruka, sasa inaunguruma kwenye noti moja moja kama injini inayokataa kuzimika. Amefanya rimiksi ya sauti ya kwanza. Wimbo uliobaki ameuacha kwenye kaseti ya mchezo.

Kuna jambo lililonifanya nisimamishe na kurudisha nyuma mara kadhaa. Kwenye sehemu ya pili ya wimbo, ile yenye noti ndefu, melodi inashuka mi, do, re, ti, do, la, halafu inakanyaga sol iliyopandishwa nusu sauti, ambayo kwenye solfa tunaiimba "se". Noti hiyo ndiyo inayokuvuta urudi nyumbani kwenye la, na bila yake sehemu nzima haina uchungu. Chini yake huyu bwana ameshikilia pedi, yaani sauti laini ya kujaza nyuma, ndefu na yenye sol ya kawaida. Noti mbili zilizoachana kwa nusu sauti zinagombana pale kwa kipigo kizima. Mara ya kwanza nilidhani amekusudia, maana mgongano wa namna hiyo mtu akiuweka kwa makusudi unaweza kuwa mtamu kama pilipili. Lakini unarudi mara nne, uleule, bila kubadilika hata chembe. Mtu aliyekusudia angefanya nao kitu. Nahisi alipanga pedi zake kwa noti saba za ngazi ile kama zilivyo, akanakili, akabandika, na melodi ilipopita juu yake hakurudi kusikiliza. Katika kwaya mwalimu angesimamisha mazoezi papo hapo na kuuliza ni nani huyo.

Kwenye ngoma sina neno. Kiki, ngoma nzito ya chini, ni kavu, na sneya, ile ngoma kali, inakata vizuri, na katikati ya sneya kubwa kuna vile vipigo vidogovidogo vya chinichini ambavyo mtu mvivu havihangaikii. Kwenye spika ya simu kila kitu kinasikika, kazi ambayo si rahisi.

Lakini ukubwa wa sauti! Niliifungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti inayoonyesha mawimbi yake, nikakuta tofali. Hakuna bonde wala kilima, ni mstari mnene kutoka dropu ya kwanza hadi mwisho, ukiondoa kile kipande cha katikati nitakachokifikia. Ameisukuma sauti hadi kwenye dari na kuifunga hapo. Juu ya hayo kila kiki inapopiga, kompresa, kifaa cha kubana sauti, inazikandamiza sauti nyingine zote, zinainama na kuinuka, zinainama na kuinuka. Dakika moja ya hivyo inachangamsha, ila dakika nne zinaumiza kichwa. Na hasara ni yake mwenyewe, kwa sababu huduma kama Spotify huupima kila wimbo na kuushusha hadi karibu LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Wimbo uliopigwa ukawa tofali unashushwa ulingane na wenzake, na hapo unasikika mdogo na uliochoka pembeni ya wimbo ulioachiwa pumzi. Mchezo wenyewe ulikuwa ukitoka kwenye spika moja ndogo na ulitosha kukufanya ukose stesheni ya kushukia.

Sasa kile kipande. Dakika ya tatu na sekunde mbili ngoma zinakatika zote, na pedi pia. Unabaki na mwangwi unaopotea, na chini yake, kwa sauti ya duara isiyo na makali, inaingia sauti ya pili. Peke yake! Ileile aliyoitupa, noti kwa noti. Inakwenda mzunguko mzima bila melodi juu yake. Kisha besi inajiunga, ile inayoruka, si ile injini. Melodi haiji. Unaingoja, haiji, na ghafla unagundua unaiimba wewe mwenyewe. Mimi niliimba kwa sauti nikiwa na hedifoni masikioni, na niliowaudhi wamenisamehe. Miaka yote ya kuimba chini ya wengine, sijawahi kusikia mtu akiiweka sauti ya pili mbele hivyo na kuwaachia wasikilizaji kazi ya sauti ya kwanza.

Halafu dakika ya tatu na sekunde hamsini unakuja ule mlio unaopanda kama ndege inayotaka kuruka, na dropu ya pili inaanguka. Ni nakala ya ya kwanza. Nimezilinganisha kwenye skrini, mawimbi yanafanana mpaka kwenye kona. Nilijisikia kama mtu aliyeamshwa usiku na mgeni anayegonga mlango, kumbe anatafuta nyumba ya jirani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Angekuwa hajaisikia sauti ya pili ningemwelewa, wengi hawaisikii. Huyu ameisikia na ameipenda, kisha akairudisha kabatini. Dropu ya pili ilikuwa mahali pake hasa: melodi ingepandishwa oktavu moja na kupewa wimbi jembamba la mraba, sauti ya pili ingepewa ule msumeno mnene, na ile sol ingepandishwa nusu sauti. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu wa kiwango chake.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano, na moja na nusu kati ya hizo ni ya zile sekunde 48. Faili ilikuwa ya kulipia upendavyo, nikalipa, na sijutii.

Nilimwandikia pia, nikamwambia yote haya kwa ukali kidogo kuliko ilivyopasa. Alijibu kesho yake kwa upole ambao sikuustahili. Pedi alikiri. Kuhusu kile kipande, alisema ni mabaki ya jaribio lake la kwanza, lililokuwa na sauti zote tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Aliliacha kwa sababu kila alipolisikiliza aliliona tupu. Nimemwomba anitumie hilo tupu lake. Bado nasubiri.