Okidi yako iote mizizi: cha kununua Tanga, kuanzia kilicho bora

Okidi nyingi za vitaluni si mimea ya ardhini. Kwao hushika matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani, nayo ina ngozi nene inayofyonza mvua haraka kisha ikapunga upepo. Ukiizika kwenye udongo wa bustani, inaoza. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kitu kinachoupa mzizi unyevu na hewa kwa pamoja. Dawa ya mizizi nimeiweka mkiani kwa makusudi.

1. Makumbi ya nazi. Mtu wa Tanga ana bahati hapa: wauza nazi wanayatupa, na ukipita Pangani utayakuta marundo. Chukua makavu, yakate vipande vya sentimita mbili hivi. Yanashika maji bila kuziba hewa. Ila uliza kwanza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani ili kutoa usumba wa kusokotea kamba yamekunywa chumvi, na chumvi huunguza ncha za mizizi. Hata yale ya shambani yaloweke kwenye maji ya mvua au ya bomba, umwage na kubadilisha mpaka ile rangi ya kahawia ififie. Maji ya kisima chenye chumvichumvi usiyatumie, wala kwa kuloweka wala kwa kumwagilia. Makumbi mabichi ya madafu yaanike kwanza, la sivyo yataota ukungu.

2. Mkaa. Vipande, si chenga. Hauozi na unapitisha maji vizuri, lakini ukiutumia peke yake hukauka upesi mno wakati wa kaskazi. Sehemu moja ya mkaa kwa tatu za makumbi inatosha. Baada ya muda hukusanya chumvi za mbolea, basi mara mojamoja mwagia maji mengi yapite yote chini.

3. Chombo. Kama mkono wako hauachi kumwagilia, nunua chungu cha udongo chenye matundu. Kama ni msahaulifu, plastiki. Mimi napenda plastiki inayoonyesha ndani, maana mzizi wenyewe unakupa habari: ukilowa ni kijani, ukikauka hugeuka kijivu cheupe, na hapo ndipo unamwagilia. Chupa kubwa ya maji iliyokatwa na kutobolewa kwa msumari wa moto inafanya kazi hiyohiyo bure.

4. Maganda ya mpaina. Kwa wakulima wa Ulaya hili ndilo chaguo la kawaida, na ni zuri kweli. Kule Shume, Lushoto, mipaina ipo tele. Lakini kuyasafirisha hadi mjini wakati makumbi yako mlangoni? Sioni faida.

5. Mosi iliyokaushwa, yaani ule mmea mdogo laini wa majimaji (sphagnum moss). Huagizwa nje, bei yake si ya mchezo, na hushika maji kama sifongo. Kwa unyevu wa Tanga wakati wa masika, ukijaza chungu kizima umeiua okidi. Inafaa tu kwa mmea uliobaki na mizizi miwili mitatu: uzungushie kidogo, kwa ulegevu, uuweke kivulini.

6. Unga wa homoni ya mizizi. Umetengenezwa hasa kwa vipandikizi vya miti. Huenda ukasaidia kidogo, lakini mzizi uliooza haufufuki. Unakatwa kwa kisu safi. Angalia pia usiuziwe malhamu ya kuotesha vichipukizi, ambayo kazi yake si mizizi. Na wanaochemsha mwani unaolimwa huku kwetu waache: mbolea za mwani za dukani nyingi hutokana na mwani wa bahari za baridi, na huu wetu uliokaushwa umejaa chumvi.

Usihamishie okidi kwenye chungu kipya siku yoyote tu. Ngoja maua yaanguke na uone ncha mpya za mizizi zikichungulia. Ukiwahi au ukichelewa, mmea hununa kwa miezi.

Kama mmea wenyewe ndio unaununua, bonyeza mizizi: iliyo hai ni migumu, iliyokufa hubonyea ikawa tupu ndani. Akikujia mtu na okidi iliyobanduliwa kwenye miti ya msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, kataa. Ile ni hifadhi, na mmea uliozoea ubaridi wa mlimani utasinyaa hapa mjini Ngamiani hata uupe makumbi gani.