Seti ya sashiko kutoka Japani: lipia uzi, kitambaa tumia kaniki

Haya jamani karibuni tena, leo nimeleta kitu ambacho nyinyi wapenzi wa kazi za mikono na mambo ya Kijapani mmekuwa mkiniuliza sana kwenye komenti, seti ya sashiko. Hii hapa mezani, naifungua yote muone kilichomo alafu nitawaambia kipi ununue na kipi uache, maana kwenye boksi lote hili kuna kitu kimoja ambacho kwenye maduka yetu ya vitambaa sijakiona, na hicho ndo cha kulipia hela.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, sashiko ni ushonaji wa mkono, kawaida uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva, michoro ya mawimbi, majani, duara zilizopandana. Ukiwa mbali unadhani ni kazi ya kutarizi ya watu wenye miaka yao, ukisogea unaona ni bandi. Bandi hii hii fundi anayopiga kabla hajapitisha nguo kwenye cherehani, ila hapa haifumuliwi, inabaki na ndo urembo wenyewe.

Sa tuanze na uzi, ngoja niusogeze kwenye kamera. Mnaona ulivyo mnene? Ni pamba tupu, nyuzi kadhaa zimesokotwa pamoja lakini kwa ulegevu kidogo, kwa hiyo ukishona unakaa umejaa juu ya kitambaa, hauzami. Uzi wa kutarizi ule wa kawaida wa nyuzi sita unaweza kuutumia ndio, lakini haukazi hivi na baada ya kufua mara kadhaa unachanua vile vinywele, huu hapana. Na hauchambuliwi, unauingiza kwenye sindano mzima kama ulivyo. Huu nimeupenda, yaani huu nausifia bila masharti.

Sindano ni ndefu na imenyooka, na tundu lake kubwa, na urefu huo una kazi yake, tazameni hapa. Sishoni mshono mmoja mmoja nikavuta, nashikilia sindano nakichezesha kitambaa juu chini juu chini, mishono inajipanga kwenye sindano mingi kwa pamoja, alafu ndo nasukuma kwa kiganja nikavuta uzi wote. Na hii kastabini ya ajabu mnayoiona, haivaliwi kwenye ncha ya kidole kama zetu, inavaliwa kwenye kidole cha kati na sahani yake inakaa kiganjani, ndo inasukuma tako la sindano. Ya kwenye seti hii pete yake ni ndogo, mwenye vidole vinene itambana, na haipanuki. Kipande cha ngozi nene umejikatia mwenyewe kinafanya kazi ile ile, hapo msijisumbue.

Alafu baada ya kuvuta, hiki kitendo kidogo watu wengi wanakiruka na ndo maana kazi zao zinajikunja: unashika kitambaa, unapapasa kwa kidole gumba kando ya mstari ulioshona, taratibu, mpaka uzi ulegee na kitambaa kinyooke. Wenyewe wanaita itokoki. Fanyeni kila mnapovuta, kila mara, msingoje kumaliza mstari. Na mishono iwe sawa, kama punje za mchele zimepangwa foleni, ya mbele mirefu kidogo kuliko ya nyuma, ukichukua kipimo cha 3 kwa 2 unakuwa salama. Mistari inapokutana katikati usiache nyuzi zikapandana, acha kijitundu kitupu, ona hapa kwenye huu mchoro wa asanoha, jani la asa, mmea wa nyuzi za nguo kule kwao, kila katikati pako wazi na ndo maana umetulia hivi. Mchoro huu walikuwa wanawawekea watoto wachanga kwenye nguo kwa sababu asa inakua haraka na wima, wanamtakia mtoto akue hivyo.

Nyinyi mnaoshona kofia za viua, nawaambia mkono mnao tayari, mtalipata hili mapema kuliko mtu yeyote.

Kitambaa cha kwenye seti ni pamba nyeupe imekunjwa mara mbili, mchoro umeshapigwa kwa wino unaotoka kwa maji, ukimaliza ni kitambaa cha kufutia vyombo jikoni, na wenyewe wanakitumia kweli. Kwa kuanzia ni kizuri kwa sababu unafuata mistari tu. Maelekezo yote ni Kijapani lakini michoro yake ina namba na mishale, utaelewa. ANGALIZO, usipige pasi kabla hujafua, joto linaweza kuugandisha ule wino usitoke tena.

Ila cha pili na kuendelea msinunue. Nendeni mkachukue kaniki. Buluu yake iliyoiva na uzi huu mweupe, jamani, tazameni hiki nilichoshona, mimi naona kinapendeza kuliko cha kwenye boksi. Fueni kwanza peke yake maji baridi mpaka rangi iache kutoka, la sivyo uzi wenu utageuka rangi.

Na sa niseme jambo linaloniuma kidogo, maana naona vidio nyingi sashiko inaonyeshwa kama pambo la mto wa kochi na basi. Hii kazi imetoka kwa wanawake wa vijijini kaskazini mwa Japani, huko Tohoku, baridi kali, pamba haioti. Nguo zao zilikuwa za asa, nyuzi za shina la mmea, na upepo unapita. Tsugaru, ambayo leo iko mkoa wa Aomori, mwaka 1724 utawala ukatoa amri ya kubana matumizi, mkulima asivae nguo ya pamba. Uzi wa pamba ukawa unapatikana kidogo kidogo, basi wakaujaza kwenye matundu ya kitambaa cha asa, mstari kwa mstari, mpaka upepo ukakosa pa kupita, na kwa vile mkono ni wao wakatoa na maua humo humo. Hiyo ya Tsugaru wanaiita kogin. Kwingine matambara ya pamba yalifika kwa meli kutoka upande wa Osaka, wanayapandanisha, wanayapiga bandi, yakitoboka wanaongeza jingine juu. Hata wazima moto wa Edo, Tokyo ya leo, makoti yao yalikuwa ya tabaka zilizoshonwa hivi, wanayalowesha maji ndo wanaingia kwenye moto.

Na haijaishia zamani. Baada ya tsunami ya Machi 2011, mji wa Otsuchi mkoa wa Iwate ulisombwa, na kina mama waliobaki kwenye makambi wakaanza kushona sashiko wapate kipato na kitu cha kushika mkononi. Walioshikilia mradi ule ni shirika la Terra Renaissance, hawa hawa waliofanya kazi Gulu, Uganda na vijana waliowahi kutekwa wakafanywa askari utotoni. Nilipojua hilo niliipenda hii kazi mara mbili.

Kwa hiyo mimi nataka mkishaijua muipeleke kwenye nguo zenu. Jinzi hii goti lilikwisha, nimeweka kiraka cha kaniki kwa ndani, nikapita mistari iliyonyooka nje, nikaanzia mbali kidogo na tundu pale kitambaa bado kina nguvu, sio ukingoni, ukianzia ukingoni kinachanika tena. Hakuna mafundo, unarudia mishono michache mwanzo na mwisho inatosha. Navaa kila siku na imeshika.

Hukumu yangu basi: seti nzima nunua moja tu, ya kujifunzia. Baada ya hapo agiza uzi na sindano peke yake, na agizeni watu watatu wanne pamoja kwa sababu usafirishaji unaweza kuzidi bei ya uzi. Chukueni nyeupe kwanza, hizo rangi rangi zisubiri. Mkishona kwenye kaniki nitumieni picha, na upande wa nyuma pia nataka kuuona.