Gurudumu la tumbo kwa wapanda milima: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Hili ni lile gurudumu lenye fimbo katikati na vishikio viwili, ambalo nimelitumia katika maandalizi ya kupanda milima na begi mgongoni. Kwa shilingi 25,000 nilizolipa Kariakoo, sijaona kifaa kingine cha bei hiyo kinachokaza kiwiliwili kiasi hiki. Nyota moja nimeikata kwa sababu kinafanya kazi moja tu, ilhali wauzaji wanakisifia kwa kazi nne.

Kazi hiyo moja ni hii. Begi la kilo 15 linakuvuta nyuma, kwa hiyo unainama kidogo mbele kulisawazisha. Kuanzia hapo misuli ya tumbo, ubavu na kiuno inashikilia mgongo usipinde, hatua baada ya hatua, kwa saa sita au saba. Ikichoka, tumbo linatokeza mbele, kiuno kinabonyea, na jioni huwezi kuinama kufungua viatu. Ukipiga magoti na kusukuma gurudumu mbele, uzito wa mwili unajaribu kukibonyeza kiuno vilevile, na tumbo linakataa. Ndiyo maana naliweka juu ya yale mazoezi ya kulala chali na kuinuka. Mlimani hakuna anayejikunja tumbo. Tumbo linafanya kazi ya kuzuia.

Nililonunua lina magurudumu mawili yaliyounganishwa, fimbo ya chuma yenye uwazi ndani, vishikio vya sponji na kigodoro cha magoti. Kigodoro ni chembamba mno kwa sakafu ya saruji, afadhali kanga iliyokunjwa mara nne au ndala mbili. Sponji nayo ikilowa jasho inazunguka kwenye fimbo, na kiganja kinateleza hapo hapo mwili ukiwa umenyooka mbele. Dawa yake ni kuchomoa kishikio, kufuta fimbo hadi ikauke, kuizungushia utepe wa umeme mara mbili, kisha kurudisha kishikio kwa nguvu. Magurudumu mawili ni imara kwa anayeanza. La moja jembamba linayumba, na mikono itahangaikia usawa kabla tumbo halijapata kazi yake.

Usilianze kabla hujaweza kukaa planki ya viwiko, yaani kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, kwa sekunde 60 bila kiuno kushuka. Ukishaweza, piga magoti ukitazama ukuta, sentimita 60 hivi kati ya magoti na ukuta. Finya makalio, shusha mbavu kama unayejiandaa kupigwa ngumi ya tumbo, nyoosha mikono, kisha sukuma kwa sekunde tatu hadi gurudumu liguse ukuta. Ukuta ndio breki yako. Rudi ukitoa pumzi. Seti tatu za marudio matano hadi manane, mapumziko ya dakika moja na nusu, mara mbili au tatu kwa wiki, na usifanye siku mbili mfululizo. Marudio manane yakiwa safi katika seti zote, rudi nyuma upana wa kiganja kimoja. Mtu wa kawaida anahitaji wiki sita hadi nane kuuacha ukuta kabisa, na kwa begi la mgongoni hiyo inatosha. Kulifanya ukiwa umesimama kwa miguu ni sarakasi tu, mlima hauidai.

Makosa ninayoyaona jimu ni yaleyale. Kubwa ni kwenda mbali kuliko tumbo linavyoweza: kiuno kinabonyea sentimita chache za mwisho, na kesho yake mtu anasema kifaa kinaumiza mgongo. Kinaumiza kweli, kikitumiwa hivyo. Zoezi likifanywa vizuri unachoka chini ya mbavu na juu ya kinena. Ukihisi kiuno kwanza, punguza umbali. La pili ni kuacha nyonga nyuma na kusogeza mikono pekee. Hapo unafanyisha kazi mabega, huku tumbo limepumzika. Nyonga na mabega viende pamoja kama ubao.

Kuhusu pumzi niseme zaidi, maana hapo ndipo mlima unapotofautiana na jimu. Wengi hubana pumzi marudio yote. Kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, shinikizo la hewa ni takribani nusu ya lile la usawa wa bahari. Unahema kwa nguvu na hakuna nafasi ya kubana chochote. Misuli inayoshika mgongo ndiyo hiyo hiyo inayosaidia kupumua, kwa hiyo lazima ijifunze kufanya yote mawili. Ninachopendekeza: katika rudio la mwisho la kila seti, simama nusu ya njia na uvute pumzi tatu za taratibu bila kulegeza tumbo. Ila tusidanganyane, hakuna zoezi la tumbo linalokinga maradhi ya mwinuko. Hiyo ni kazi ya kupanda taratibu na kuupa mwili muda wa kuzoea.

Sasa yale lisiyoyafanya. Halifundishi ubavu kuzuia kuyumba kwenye mawe, wala halifundishi miguu kushuka. Kwa ubavu tumia dumu la lita 20. Lianze na lita 10 za maji, libebe kwa mkono mmoja mita 40 bila kuegemea upande wowote, badilisha mkono, na uongeze lita mbili kila wiki. Kwa kushuka, tafuta ngazi ya sentimita 20, simama kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu wa pili hadi sakafuni kwa sekunde tatu, goti likielekea kidole cha pili cha mguu. Kumi kila mguu, seti tatu, kwanza bila begi.

Zoezi hilo la ngazi usiliache. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame begi lake la mchana huwa la kilo chache tu, mzigo mkubwa wanabeba wapagazi. Lakini siku ya kilele anatoka kambi ya Barafu, anapanda mita 1,200 hivi, kisha anashuka karibu mita 2,800 hadi kambi ya Mweka, yote ndani ya siku moja. Magoti na mapaja yanaisha kwenye kushuka, na gurudumu halina msaada hapo. Anayejibebea hema na chakula mwenyewe, mathalani Mlima Kenya, ndiye atakayelifaidi zaidi.

Kabla ya kulaumu misuli, kagua begi. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito; ukiulegeza, mabega na kiuno vinalipa. Kwa mazoezi, jaza chupa za maji za lita moja na nusu: kumi ni kilo 15, na ukifika juu ya kilima unaweza kuyamwaga ili magoti yasiumie wakati wa kushuka. Mchanga nao unafaa, ila ufunge kwenye vifuko vidogo, la sivyo unateremkia chini ya begi na kukuvuta nyuma.

Lianze wiki nane kabla ya safari, na uliache siku kumi kabla, kwa sababu maumivu ya misuli yake hukaa siku mbili tatu na hutaki kuyapeleka kambini. Mwenye ngiri, mwenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, au mama aliyejifungua ambaye misuli ya tumbo bado imeachana, amwone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Yapo pia ya springi, ambayo hujirudisha yenyewe, na huuzwa ghali zaidi. Springi inakusaidia kurudi, yaani inakuibia nusu ya zoezi. Nunua la kawaida. Dukani, kabla ya kulipa, liviringishe mezani likiwa halina mzigo. Likicheza kushoto na kulia, fimbo imepinda au tundu la katikati ni kubwa, basi omba jingine. Kisha shika kishikio na ujaribu kukizungusha kwa nguvu. Kikizunguka mkono ukiwa mkavu, kikilowa jasho kitachomoka.