Kibanda cha gliserini, soko la Kenya, Lubumbashi

Kazi yangu ni pikipiki ya abiria, Ruashi hadi katikati ya mji, kwa hiyo vumbi la kiangazi linanijua kwa jina. Kuanzia Mei hadi mvua za Oktoba, barabara zetu zisizo na lami huwa unga mwekundu mtupu. Juni na Julai, baridi ya asubuhi hupasua midomo. Septemba jua hukaanga kilichobaki. Mafuta nimenunua sehemu nyingi, ila ninaporudi ni kwa mama huyu wa soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, si ile nchi.

Anauza vazelini ya kupima kutoka kwenye ndoo, gliserini katika vichupa vya plastiki, sabuni na barakoa. Bei ni za kawaida. Tofauti yake ni kwamba hakuuzii kabla hajakuuliza unataka ya nini. Nilipoomba gliserini nijipake usoni hivyo hivyo, aliivuta chupa nyuma: "Hapana, papa. Leta mkono." Akanimwagia maji kidogo kiganjani, akatia tone la gliserini, akasugua kwa kidole gumba mpaka ile rangi ya majivu ikapotea, kisha akapitisha vazelini nyembamba juu yake. Gliserini huvuta maji, na hewa ikiwa kavu itayavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana huzimuliwa na kupakwa ngozi ikiwa bado na maji. Vazelini yenyewe haiongezi maji yoyote, inayafungia tu yasitoke. Kwa magaga alinipa utaratibu wa usiku: loweka miguu, sugua kwa jiwe, paka vazelini, vaa soksi. Mke wangu alicheka soksi zile, siku hizi naye anazo.

Krimu za kung'arisha hana, na wateja wanaziulizia mbele yangu. Anawajibu bila kupepesa macho kwamba waende kwingine. Namuunga mkono: haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ilipigwa marufuku kwenye vipodozi vya ngozi Umoja wa Ulaya mwaka 2001, na zile zenye dawa za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ngozi ya hivyo, kwa jua la Septemba, utailinda na nini?

Sasa lawama. Vifuniko vya vichupa vyake vinavuja. Jaketi langu lina doa mfukoni ambalo halitoki. Gliserini anaitia manukato ya limau yanayochoma midomo iliyopasuka, basi mwambie akupe isiyo na harufu, anayo chini ya meza. Barakoa zake ni zile nyepesi za buluu, na vumbi linaingia ubavuni bila hodi. Kwa pikipiki afadhali utafute famasia ya mjini yenye FFP2, barakoa ya kuchuja vumbi ambayo inatakiwa kuzuia angalau asilimia 94 ya chembe ndogo, mradi ikae sawasawa usoni. Mwenye ndevu kama mimi haimkai vizuri, na kunyoa sitaki.

Nenda asubuhi, maana mchana foleni ni ya akina mama wenye watoto na huwezi kuwapita. Beba kopo lako safi lenye kifuniko cha kukaza. Anapima humo humo na anakupunguzia bei ya chupa.