Uzoefu wangu: wakala wa vibali vya afya na usafiri wa farasi, Dar es Salaam hadi Nairobi

Nimemtumia wakala huyu kwa farasi watatu katika safari mbili, zote zikianzia Kigamboni na kuishia Nairobi kupitia Namanga. Yupo hapa hapa Dar es Salaam, na anashughulikia vibali, sampuli za damu, karantini na gari. Simtaji jina kwa kuwa nina malalamiko mawili makubwa juu yake, na nimeshamweleza mwenyewe uso kwa uso. Hata hivyo nitamtumia tena kwa sababu moja: anajua kuhesabu siku. Farasi anaweza kuwa mzima kabisa na bado akakwama mpakani kwa kuwa tarehe za karatasi zake hazikubaliani.

Hesabu yake inaanzia ng'ambo ya mpaka. Kibali cha kuingiza mnyama hutolewa na mamlaka ya mifugo ya nchi inayompokea, ambayo kwa Kenya ni Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, na kibali hicho ndicho kinachotaja vipimo, chanjo na siku za karantini. Daktari wa serikali wa huku kwetu anajaza cheti cha afya akifuata masharti hayo neno kwa neno. Ukitoa damu kabla ya kibali, unaweza kukuta umepima kitu kisichotakiwa, au umepima mapema mno na majibu yameisha muda. Wakala huyu hagusi sindano mpaka kibali kiwe mkononi, hata mteja akimsukuma. Hilo nimelipenda.

Kibali kikifika anatandaza karatasi moja ndefu mezani. Safu ya kushoto ni sharti, ya kati ni tarehe ya mapema kabisa inayokubalika, ya kulia ni tarehe ya mwisho. Siku ya kuvuka mpaka inaandikwa chini kabisa kwa wino mwekundu, na kila mstari unahesabiwa kutoka hapo kwenda juu. Mfano ni chanjo ya mafua ya farasi: pale inapodaiwa, mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, ni kwamba itolewe kati ya siku 21 na 90 kabla ya safari. Kipimo cha Coggins, kinachotafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu, kwa mwongozo huo huo kinataka damu iliyotolewa ndani ya siku 30 kwa farasi anayehama moja kwa moja, na siku 90 kwa anayekwenda kwa muda na kurudi. Farasi aliyeuzwa na farasi wa mashindano kwa hiyo hawana kalenda moja, na kunakili ya mmoja ukampa mwingine ni kosa linalofanyika sana.

Mstari unaokula siku nyingi kuliko yote ni wa ugonjwa wa farasi wa Afrika, AHS. Virusi vyake vina aina 9, na mwenye kuvieneza ni usubi, yule mdudu mdogo kuliko mbu anayeuma jua likizama na alfajiri. Chanjo hai ya Onderstepoort ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo maarufu upande wa kusini mwa Afrika, inakuja katika chupa mbili: ya kwanza ina aina 1, 3 na 4, ya pili ina 2, 6, 7 na 8, na kati ya chupa hizo zipite wiki tatu au zaidi. Aina 5 na 9 hazimo ndani. Kinga dhidi ya 5 inategemewa kutoka kwa 8, na dhidi ya 9 kutoka kwa 6. Kipindi cha maambukizi cha AHS kinahesabiwa siku 40, hivyo kibali kikidai siku 40 kamili baada ya chanjo, farasi ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji siku 61 kwa uchache. Mteja anayekuja na haraka ya mwezi mmoja anaambiwa hapo hapo kwamba haiwezekani. Hapewi matumaini ya uongo.

Kwa wanaoota kumpeleka farasi Ulaya moja kwa moja kutoka hapa, wakala anakataa kazi hiyo, na yuko sahihi. Umoja wa Ulaya unapokea farasi kutoka nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Hata farasi wa Afrika Kusini kwa miaka mingi walilazimika kukaa kwanza Mauritius. Hofu ya AHS ina msingi: mwaka 1987 AHS iliingia Hispania na pundamilia walioagizwa kutoka Namibia, na mwaka 2020 ikazuka Thailand, mbali kabisa na kwao.

Karantini anaifanyia kwenye banda la mteja lenyewe, akiweka wavu. Hapa wengi wanakosea kwa kununua chandarua cha kawaida cha mbu. Usubi ana urefu wa milimita 1 hadi 3 na anapenya tundu ambalo mbu hapiti. Wakala anatumia wavu wenye matundu madogo zaidi, anaunyunyizia dawa ya wadudu ya permethrin, anaweka mlango wa pazia mbili ili moja liwe limefungwa wakati la pili linafunguliwa, na feni mbili kubwa za kupuliza hewa, kwa kuwa usubi ni dhaifu wa kuruka na upepo unamshinda. Farasi anaingizwa kabla jua halijazama na hatoki mpaka jua limechomoza. Kigamboni wakati wa masika, maji yakituama nyuma ya banda kwenye tope lenye samadi, hapo ndipo usubi anapozaliana, kwa hiyo mfereji uchimbwe kabla ya wavu kufungwa. Saisi wetu alilalamikia joto la ndani, na ni kweli ni kali; feni zisizimwe mchana.

Sasa damu. Sehemu hii wakala anaifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona. Kwa kila farasi zinatolewa chupa mbili za kofia nyekundu, mililita 10 kila moja, na moja ya kofia ya zambarau endapo kuna kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Chupa nyekundu zinasimamishwa wima kivulini kama saa moja damu igande, ndipo ziende kwenye mashine ya kuzungusha, seramu, yaani maji yanayojitenga damu ikiganda, inyonywe na kuhamishiwa kwenye chupa safi. Barafu inakuja baada ya hapo, na chupa zinafungwa kwenye gazeti zisiguse barafu. Ukitupa damu mbichi juu ya barafu kwa kuogopa joto la Dar, seli nyekundu zinapasuka. Seramu nzuri ya farasi ni ya manjano, angavu. Ikiwa nyekundu kama juisi ya rozela, rudia, usipeleke. Kipimo cha CFT, cha kutafuta kingamwili, kinachotumika kwa magonjwa ya glandasi (wa bakteria) na durini (nitaueleza chini), kinasomwa kwa kuangalia kama seli nyekundu zimepasuka au hazikupasuka, hivyo sampuli iliyokwisha kupasuka inamchanganya msomaji na unarudishiwa jibu la "haikusomeka" siku zako zikiwa zinakwenda.

Kabla ya kutoa damu uliza maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, iliyopo Temeke ni vipimo vipi kwenye orodha yako wanavyofanya wakati huo. Visivyofanyika vinakwenda nje, na sampuli inayovuka mpaka inataka kibali chake yenyewe na kifungashio cha tabaka tatu chenye alama ya UN3373, ile ya sampuli za kibaolojia. Wakala aliandaa hayo yote na pia akahifadhi seramu ya akiba kwenye friza. Mdai hiyo akiba. Chupa ikivunjika njiani hutalazimika kumchoma farasi upya na kuanza kuhesabu siku upya.

Kuna jambo la ukanda wetu ambalo alinitahadharisha mapema, na namshukuru. Durini husababishwa na Trypanosoma equiperdum na huenezwa kwa kupandana. Kipimo chake cha CFT hakiwezi kumtofautisha mdudu huyo na ndugu zake wanaoleta nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Farasi aliyekaa sehemu zenye mbung'o, kama huko Saadani, na akaugua nagana, anaweza kuonekana ana durini wakati hajawahi kupanda wala kupandwa. Historia yake ya matibabu iwe imeandikwa, na daktari wa serikali aijue kabla ya majibu kutoka. Glandasi nayo CFT yake hutoa majibu ya uongo mara nyingine. Ikitokea, omba kipimo cha kuthibitisha kabla ya mtu kuanza kusema habari za kumuua mnyama. Kwa homa ya kupe ya farasi, ile inayoletwa na Babesia caballi na Theileria equi, hakikisha maabara inatumia vipimo vingine vya kingamwili, ELISA au IFAT, maana CFT inawapita wanyama walioambukizwa zamani. Na kupe waondolewe mapema, hasa ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye singa.

Lalamiko la kwanza ni utambulisho. Chipu ya farasi ina tarakimu 15 na hukaa upande wa kushoto wa shingo, katikati ya kisogo na mgongo wa mabega, ndani ya kano la juu ya shingo. Karani wa wakala aliinakili namba kutoka fomu ya zamani badala ya kuisoma kwenye shingo. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Fomu ya maabara ikaibeba namba hiyo mbovu, majibu yakarudi nayo, na daktari wa serikali akakataa kusaini cheti. Alikuwa na haki: kwa mujibu wa karatasi, damu ile ilikuwa ya farasi mwingine. Kulihitajika barua ya marekebisho kutoka maabara, na siku tano kati ya zile 30 zikapotea. Tangu hapo nasoma chipu mwenyewe kwa kisomaji cha kilohezi 134.2, mara tatu, kisha napiga picha moja inayoonyesha kioo cha kisomaji pamoja na uso wa farasi. Picha hiyo naituma kabla fomu yoyote haijajazwa. Mchoro wa pasipoti nao usiachiwe mtu wa ofisini: alama nyeupe huchorwa kwa wino mwekundu, na vizunguo vya manyoya kwa X nyeusi mahali pake hasa. Kizunguo cha kwenye paji la uso kikiwa juu ya usawa wa macho, kichorwe juu ya usawa wa macho.

Lalamiko la pili ni kurudi. Kwa farasi wa mashindano, wakala alishughulikia kwenda tu. Farasi anayerudi ni mnyama anayeingizwa Tanzania kama mwingine yeyote, na kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi kinapaswa kuombwa kabla hajatoka. Huduma inayoitwa ya kwenda na kurudi ilipaswa kuanza na swali hilo.

Barabarani hana mpinzani. Ni kama kilomita 900, kwa siku mbili. Gari linaondoka Kigamboni saa tisa usiku, farasi akipakiwa kutoka ndani ya wavu na akiwa amepakwa dawa ya wadudu, linapita Bagamoyo na Msata, na linajitahidi kuwa Arusha saa kumi na moja jioni ili farasi aingie bandani kabla ya usubi kuamka. Hakuna kusimama gizani karibu na maji. Kila baada ya saa nne au tano linasimama, kamba inalegezwa na kichwa kinaachwa kishuke mpaka chini. Hiki kitu kidogo kinaokoa mapafu: farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kutoa makohozi na vumbi, na ndipo homa ya mapafu ya safari inapoanzia. Majani yanaloweshwa kwanza. Maji yanabebwa kutoka nyumbani, lita 60 kwa kila farasi, kwa sababu wengine hukataa maji wasiyoyajua ladha yake.

Namanga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania unasimama upande wa Kenya na kumaliza ya nchi zote mbili pale. Afisa wa mifugo anasoma chipu, anaifananisha na cheti, anauliza nakala halisi. Kivuli cha cheti hakimpitishi farasi. Wakala alikuwa amepiga simu siku moja kabla, na tulivuka asubuhi, kabla jua halijakuwa kali.

Malipo yake yanaeleweka: ada za serikali unalipa mwenyewe kwa namba ya udhibiti na kubaki na risiti, ada yake inakuja kwenye ankara ya peke yake. Gharama ya gari kusubiri haikuandikwa kwenye mkataba, iandikwe.

Akishakabidhi farasi Nairobi anaacha fomu ya joto la mwili, asubuhi na jioni, yenye mistari ya siku tatu. Homa ya safari huonekana katika siku hizo, lakini AHS inaweza kuchukua hadi wiki mbili kujitokeza. Nimekuwa nikiongeza mistari kwa kalamu mpaka siku ya 14, na pembeni naandika mambo mawili ya kuangaliwa kila asubuhi: mashimo yaliyo juu ya macho kama yamejaa na kuvimba, na povu puani. Joto likipita 38.5 daktari anaitwa siku hiyo hiyo, na farasi harudishwi kundini.